Nyumba ya Waa Iliyofaulu Kila Ukaguzi

Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi hii ya kukagua nyumba, mimi nawaonea wivu viatu vyenu tu. Mna viatu vizito, mna kofia ngumu, na ile kamera ya joto mnaining'iniza kifuani kama bwana harusi na koja lake la maua. Mimi kazi hii niliianza na kandambili, chetezo na shavu langu. Nikaifanya mpaka magoti yakakataa ngazi, nikapumzika, na leo anaifanya mjukuu wangu Riziki. Nitamsifu mbele yenu wala sijifichi: ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi, na maneno yake ni machache kuliko yangu, jambo ambalo kwa mkaguzi ni zuri.

Yeye ndiye aliyenishika niwaeleze niliyoyaona. Skuli mimi nilifika darasa la pili, kwa hivyo mimi nasema na yeye aandika, na kila anapotaka kunipamba namwambia futa.

Nataka kuwaeleza hasa habari ya nyumba moja, ya shoga yangu Nimwaka kule kijijini Waa. Nyumba hiyo ilikaguliwa ikafaulu, ikakaguliwa tena ikafaulu, na huku mwenyewe anaokwa ndani yake kama mkate wa sinia, mpaka mwanawe akapanga kumhamisha kabisa. Lakini kwanza niwape kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wapo kati yenu wanaodhani kukagua ni kuangalia.

Nyumba za wazee wetu zilijengwa zipumue. Udongo, makuti, na baina ya ukuta na paa nafasi ya upepo kupita bila hodi. Halafu Diani yakaja majumba ya vioo, yakatiwa viyoyozi, na wenyewe wakaanza kulalamika kwamba mashine zanguruma kutwa na vyumba havipoi. Baridi ilikuwa ikitoroka, na joto la nje likiingia kuchukua mahali pake. Kuzitafuta njia zake ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Ofisi iliyoniajiri ilikuwa ikiyatunza majumba ya watu walioko ng'ambo. Mimi nilikuwa mpiga deki. Fundi wa viyoyozi aliitwa Bakari, mtu wa kisiwa cha Funzi, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na aliye ng'ambo ya maji. Siku moja yuko juu ya ngazi anapapasa dari, anatafuta baridi inapotokea, na mimi niko chini miguu mitupu napiga deki mlangoni. Nikamwambia, Fundi, shuka, baridi yako iko hapa inanipita kwenye vifundo. Akashuka. Akavua kiatu, akaweka wayo wake kizingitini, kisha akanitazama kama mtu aliyeokota kitu. Kesho yake akamwambia mkubwa wa ofisi kwamba ananitaka kwenye ukaguzi. Wenzangu wa deki wakanicheka siku nyingi, ati Mishi ameajiriwa miguu.

Bakari alinifunza vitu ambavyo hamtaviona kwenye karatasi. Shavu ulilowanishe maji, ulipeleke karibu na ukingo wa dirisha, na hata upepo mwembamba utauhisi. Kiganja si kitu cha kukitegemea, kimeshika vyungu na sufuria miaka mingi, kimekufa ganzi. Tazama chini ya mlango kabla hujatazama dirisha. Tazama tundu la bomba la kiyoyozi, maana fundi aliyelitoboa hutoboa kubwa akaziba kwa gazeti. Na yale madirisha ya vioo vya kupishana, ya kufungua kwa mkono wa chuma, msijisumbue nayo. Hayajawahi kufunga tangu yaumbwe.

Kuona upepo unakokwenda, yeye alikuwa akiwasha sigara na kuupeleka moshi ukutani. Nikamwambia majumba ya watu yatanuka, na kifua chako kimeshakuwa mvukuto. Nikaja na chetezo changu cha nyumbani, makaa mawili na ubani. Moshi wa ubani ni mzito, hupanda taratibu, na ukifika penye ufa hupinda kama mtu aliyeitwa jina lake. Unaufuata tu. Tuliziba nyufa nyingi kwa njia hiyo, na majumba yakanukia vizuri juu yake.

Ila siku moja mwenye nyumba, mama wa Kizungu aliyekuwa ameshuka ndege jana yake, alitoka chumbani akanikuta nazunguka sebuleni na chetezo, nanong'ona. Nilikuwa nahesabu madirisha. Yule mama akaenda moja kwa moja kwa mlinzi kumuuliza kama nyumba yake ina majini. Na mlinzi yule alikuwa mtu wa mzaha ambaye mwenyewe hacheki. Akamjibu kwamba yapo, lakini ni madogo na yana adabu. Bakari alipata kazi kubwa ya kumtuliza. Yule mama alipoelewa, alicheka mpaka akakaa sakafuni, akatwambia kwamba hata kwao wapo watu wa kazi yetu, isipokuwa wao hutafuta joto linapotorokea, maana nje kuna barafu. Nikamuuliza kama huko joto linawekwa ndani kwa makusudi. Akasema ndiyo, na kwa gharama kubwa. Niliporudi nyumbani nikamhadithia mume wangu, Mungu amrehemu. Akasema yule mama alikuwa ananipima akili.

Sasa, ukaguzi wetu ulikuwa na siku yake. Kila nyumba na Jumanne yake, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mnaona ubaya wake? Sisi hatukuuona. Kuna nyumba moja mashine ilikuwa haipumziki, na kila Jumanne sisi twaikuta nzima. Bakari akabadilisha mipira ya kuzibia kingo za milango, akabadilisha tena. Mpaka alasiri moja tukarudi kwa sababu alikuwa amesahau spana yake. Tukamkuta dobi wa nyumba hiyo anapiga pasi huku dirisha liko wazi lote, amejifunga leso mbili, anatetemeka. Akasema baridi ya mashine inamwingia mifupani, na bila kufungua dirisha hawezi hata kushika pasi. Bakari akamuuliza mbona siku zote tukija twakuta pamefungwa.

"Jumanne si mwaja nyinyi," akasema dobi, na akaendelea na shati lake.

Bakari hakumsema. Aliihamisha meza ya pasi akaipeleka barazani, na ile mashine ikapata kupumua. Tukiwa njiani akanambia neno ambalo nalitoa kwenu kama nilivyopewa: sisi hatujawahi kuikagua nyumba ile, tumekuwa tukiikagua Jumanne yake.

Mngedhani baada ya hapo nisingeteleza. Sikilizeni ya Waa.

Nimwaka na mimi tulikua pamoja. Tulifunzwa kushona makuti kwenye mkeka mmoja tukiwa wasichana, kukunja ukuti juu ya ufito na kuukaza kwa ukambaa, na tangu siku hizo mshono wake umepinda na mimi nimekuwa nikimwambia. Aliolewa hapo hapo Waa, akazaa hapo, akamzika mumewe hapo. Mwanawe mmoja aliyebaki naye ni Hamisi, kijana wa heshima, anafanya kazi Nairobi. Nyumba ya makuti ya mamake ilipoanza kulala upande mmoja, Hamisi akamjengea nyingine: matofali, mabati mekundu, dari nyeupe, sakafu ya vigae inayong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Waa nzima ilikuja kuitazama. Nimwaka akawapokea watu siku baada ya siku kama mwenye harusi.

Lakini tangu alipohamia, akaanza kudhoofika. Halali. Asubuhi kichwa kinamzunguka, midomo mikavu. Siku moja jirani akamkuta amekaa chini mlangoni, hawezi kuinuka. Daktari akampima kila kitu, akasema presha yake si mbaya kwa umri wake, ila mwili umekauka na usingizi hakuna, na akauliza kama anakolala pana joto. Nimwaka akasema si sana.

Hamisi akaingia hofu. Na kwa kuwa ni mtu wa kufikiri, jambo la kwanza alilolishuku ni nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akaomba ofisi ya Riziki ije ikague. Wakapiga simu, wakapanga siku, wakaja saa nne asubuhi na kamera. Kila picha ilikuwa na rangi ya maji, hakuna mahali penye wekundu, ambao ndio rangi ya joto. Matundu ya hewa juu ya kuta yalikuwa wazi na upepo unapita. Nyumba ni nzima, wakaandika. Hamisi hakuridhika, akaomba waje tena. Wakaja tena. Nzima.

Nikaenda na mimi na chetezo changu, maana niliona haya ofisi imalize kazi kwa shoga yangu na mimi nikae. Nikapokewa sebuleni, nikapewa kahawa na kaimati, tukaongea sana, kisha nikapita chumba kwa chumba na moshi wangu. Nikamwambia Hamisi kwa simu kwamba nyumba haina neno.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Hamisi alisema, na kwa akili yake alisema kweli: kama nyumba haina kosa, basi ni umri, na mtu wa umri huo hawezi kukaa peke yake. Idd ikipita atakuja na gari amchukue mama akakae naye Nairobi, kwenye ghorofa ya juu. Tulikuwa mwezi wa Shaabani. Basi karatasi zetu zile zilizosema nyumba ni nzima ndizo zilizokuwa zinamtoa mwenyewe ndani yake.

Nimwaka hakubisha. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu mwanamke yule ni mbishi, aliwahi kugombana na imamu kuhusu kuku. Alinambia tu kwamba Nairobi atakaa dirishani ahesabu magari mpaka Mungu amwite. Akaanza kugawa vyungu vyake.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka Likoni, na gari lilipofika Waa roho ikanambia shuka. Sikupiga simu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mlango wa mbele umefungwa, nikazunguka uani, nikapiga hodi, kimya. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Wanangu, nilipovuka ule mlango nilidhani mtu ameacha tanuri wazi. Nikafuata ukumbi mpaka chumbani kwake. Nimwaka amesimama katikati ya chumba, jasho linamtiririka, ameshika upembo, ule mti mrefu wa kuangulia ndimu, na kwenye ncha yake pana tambara la leso kuukuu. Analisukumiza ndani ya tundu la hewa. Matundu mengine yote ameshayaziba.

"Nimwaka, wafanyani?"

"Nawe waja kama mwizi," akasema bila kugeuka. "Simu huna?"

"Ningepiga simu, ningekuta umeshayatoa hayo matambara."

Akaushusha upembo. Akakaa kitandani, akajipangusa uso, akasema neno moja.

"Popo."

"Popo gani?"

"Popo wa mbawa, mwingine wamjua wewe? Wamejaa huko juu ya dari. Waamka magharibi, na wasiojua njia waingia humu. Mmoja aliniangukia hapa." Akajigusa kifua. "Tangu siku hiyo kila alasiri naziba."

"Na wakaguzi wakija?"

"Wageni waje wakute matambara ukutani? Mimi nililelewa, Mishi. Wakipiga simu tu, naamka mapema, natoa yote, napiga deki, nafungua madirisha, nafukiza. Hata ulipokuja wewe nilifanya hivyo hivyo."

Nikamuuliza Hamisi anajua nini katika haya. Sauti yake ikabadilika.

"Ajue nini? Mtoto amejinyima miaka anijengee, Waa nzima imekuja kuangalia, halafu mimi nimpigie simu nimwambie nyumba yako ina popo? Si afadhali nende hiyo Nairobi."

Nikakaa naye pale kitandani, nikauchukua ule upembo nikauegemeza ukutani. Huyu alikuwa tayari kuacha Waa, kuacha kila kitu chake, ili mwanawe asione haya.

Sasa fahamuni ni nini kilichokuwa kikitendeka, maana hii ndiyo kazi yenu. Mabati yanashika jua tangu asubuhi. Joto linashuka juu ya dari na huko halina pa kutokea, kwa hivyo linasukuma kuja chini. Njia yake ya kutoka chumbani ilikuwa yale matundu ya juu, na alasiri yamezibwa. Adhana ya magharibi ikilia, Nimwaka anafunga na madirisha, kama tunavyofunga sote watu wa pwani, nyumba isiachwe wazi wakati wa vitu vibaya kupita. Hapo nyumba imekuwa chungu kilichofunikwa kawa. Alfajiri anafungua yote. Ikifika saa nne, nyumba imeshapoa, upepo wa bahari unapita, na hapo ndipo nyinyi mnaposhuka garini na kamera zenu.

Kwetu mgeni mwenye miadi huikuta nyumba imevaa nguo za Idd. Hamtaweza kulibadilisha hilo, na msijaribu, ni tabia njema. Na mimi niliyefunzwa na yule dobi wa Diani, Waa niliingia kwa mlango wa mbele, nikakaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma, nikala kaimati za watu. Sikuwa mkaguzi siku ile, nilikuwa mgeni.

Jioni ile ile nikampigia Riziki. Nikamwambia kesho aje alasiri, asivae nguo za kazi, asipige simu, apite uani, amwamkie Nimwaka, aombe chakula, na kamera aitie ndani ya kikapu. Akaja. Akala wali wa nazi na samaki, akasaidia kuosha sahani, na jua lilipoanza kuinama akaomba ruhusa ya kuitoa kamera. Nimwaka alikuwa ameshaziba, kwa maana nilimwambia asitoe chochote.

Riziki akaielekeza juu. Kioo chote kikawa chekundu. Akasogea, akaielekeza ukuta wa upande wa kichwa cha kitanda, ule unaotazama magharibi. Mwekundu kupita dari.

"Bibi," akanambia, "hii si nyumba niliyoipiga picha mimi."

Nikamwambia ndiyo hii hii, leo haina wageni. Lakini nikiri kwamba ule ukuta mimi sikuwa nimeufikiria. Akili yangu yote ilikuwa kwenye matundu. Riziki akanishika mkono akauweka ukutani, na nikautoa upesi. Jua linaupiga tangu adhuhuri mpaka linazama, na usiku kucha ukuta unalirudisha lile joto kwenye mto wa Nimwaka. Hata tungefungua kila tundu, kwa ukuta ule asingelala. Shavu langu lingechelewa kuligundua hilo. Kamera ililiona kabla chai haijapoa. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba wazee tunazichukia mashine.

Likabaki la Hamisi. Riziki alitaka kumpelekea picha. Nimwaka akasema tukifanya hivyo atatufungia mlango sote wawili. Nikamwambia basi sema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, au mimi nitasema na unajua mimi nikisema hutia chumvi. Akazunguka na ile simu uani, akalisha kuku waliokwisha kula, akafagia palipofagiwa. Mwishowe akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akapiga, na Riziki akafungua sauti tusikie.

"Hamisi mwanangu, hujambo. Sikiliza. Nyumba uliyonijengea ni nzuri mno. Ni nzuri mpaka popo wa Waa wote wameipenda."

Tukamsikia Hamisi anacheka, na kicheko kikakatika njiani. Akauliza tangu lini. Tangu nilipohamia, akasema mamake.

"Mama, na nilikuuliza. Kila wiki nakuuliza."

"Uliniuliza kama nyumba ni nzuri," akasema Nimwaka. "Hukuniuliza kama nalala."

Hilo neno, wanangu, mimi ningelikuwa na ofisi ningeliandika juu ya mlango. Kwenye zile karatasi zenu pana dirisha, pana mlango, pana dari. Mahali pa kuuliza mwenye nyumba amelala vipi hapana. Basi ulizeni hata kama hapana pa kuandika. Na msimuulize sebuleni mbele ya watu. Muulizeni jikoni, akiwa na kitu mkononi.

Hamisi hakubadilisha mpango wake papo hapo. Alisema rekebisheni mnachoweza, yeye atatuma vifaa, lakini Idd ikipita atakuja na gari kama alivyosema, na atakachokiona kwa macho yake ndicho kitakachoamua. Ni haki yake. Mama ni wake.

Tukaanza. Popo kwanza, na hapa kuna jambo la kujua: msizibe njia yao mchana. Ngojeni magharibi watoke wote wakatafute riziki zao, ndipo fundi afunge mianya kwenye mikunjo ya mabati. Mkiziba wakiwa ndani, watafia darini, na harufu yake mtaisimulia kwa wajukuu. Kisha matundu yote ya ukuta yakatiwa wavu wa waya kwa nje, matambara yakaenda jalalani. Juu kabisa, pale paa linapofanya pembe, fundi akatoboa tundu kubwa kila upande, nayo akayatia wavu, ili joto la darini lipate njia yake ya kutokea.

Ule ukuta tukaamua kuujengea kipenu cha makuti, kiufunike wote, jua liishie hapo. Makuti ya kununua yapo, lakini siku hizi yanashonwa mbali mbali, mvua ya kwanza inapita. Nikasema tutashona wenyewe. Tukatandika mikeka uani kwa Nimwaka, majirani wakaja na visu vyao, na wengine sikuwa nimewaona tangu wana meno. Ramadhani ilikuwa imeingia. Midomo ilikuwa mikavu lakini haikupumzika, na kama kuna thawabu zilizopotea kwa kusengenya, Mungu ni mwingi wa rehema. Vidole vyangu vilidhani vimesahau. Baada ya ukuti wa tatu vikaanza kwenda vyenyewe. Nimwaka daktari alimkataza kufunga, na hilo lilimuuma, kwa hivyo alifanya kazi kwa hasira na mshono wake ukapinda zaidi ya zamani. Riziki naye akaja siku zake za mapumziko kujifunza. Anashona vibaya. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Kipenu kikasimama kabla ya mwezi kuandama. Jioni ya kwanza nikauweka mkono wangu kwenye ukuta ule kwa ndani, nikauacha hapo. Ulikuwa kama ukuta.

Idd ikapita, na Hamisi akaja kama alivyosema. Tulikuwa tumekaa kipenuni mimi na Riziki tunachambua mchele. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati wa joto lenyewe, kuku wote wamejilaza. Akaegesha gari. Kiti cha nyuma alikuwa amekitandika shuka na mto, ili mama ajinyooshe njiani. Akatuamkia shikamoo, akauliza mama yuko wapi. Nikamwonyesha mlango kwa kidevu.

Akaingia. Tukamsikia hatua zake ukumbini, halafu hatukuzisikia tena. Akakaa huko kitambo. Alipotoka, viatu alikuwa amevishika mkononi. Akaketi juu ya mkeka karibu nami, akasema kwa sauti ya chini:

"Amelala. Anakoroma."

"Kila siku wakati huu," nikamwambia. "Na akiamka atakana, atasema alikuwa amefumba macho tu."

Akaegemea ukuta. Akaupapasa kwa kiganja, akatazama juu kwenye makuti, akauliza ni nani aliyeshona pale paliposhonwa upande. Riziki akaangua kicheko, nikamkanya asimwamshe mtu.

Hamisi akakaa mpaka kesho yake asubuhi. La Nairobi hakulitaja, wala mamake hakulitaja. Alipoondoka, ule mto aliuacha kitandani kwa mamake, na kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa nazi, mihogo na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, maana Nimwaka alisema mtu hawezi kutoka Waa na gari tupu.